Kuzima Taa Si Kutengeneza Gari

Hotuba kwa mafundi magari na wanafunzi wa ufundi, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Maswali yaliyoulizwa njiani nimeyaondoa, na majibu yake nimeyaweka mahali yanapohusika.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niwaeleze namna kuchezea programu ya injini kunavyofanya gari lipite au lianguke kwenye kipimo cha moshi. Naomba nianze na taa. Ile ya njano, yenye mchoro wa injini, tunayoiita cheki injini. Mteja anashuka, hajasalimia vizuri, anasema: “Fundi, naomba unizimie hii taa.” Hasemi umtengenezee gari. Anaomba taa izimwe, na sisi kwa miaka mingi tumempa alichoomba. Zamani tulichomoa globu nyuma ya dashibodi. Wengine wakabandika utepe mweusi. Leo kijana anakuja na kompyuta yake, anachomeka waya chini ya usukani, anaingia ndani ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na kuiamuru inyamaze. Dakika 20 taa imezimika, mteja anashukuru, na pesa yake ni nzuri kuliko ya kumwaga oili.

Siwasemi ninyi peke yenu. Nilipokuwa kijana wa gereji katika mji huu huu nilikata masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, kwa grinda kwenye magari ambayo siwezi kuyahesabu, nikaunga bomba tupu, na mteja akaambiwa gari sasa limefunguka. Masega yenyewe yaliuzwa. Baadaye maisha yakanipeleka Marekani, jimbo la California, nikasoma, nikapata leseni ya kupima moshi wa magari, na kwa miaka 11 nikakaa upande wa pili wa meza, natafuta kile ambacho zamani nilikuwa nakificha.

California walifika huko kwa sababu walikosa hewa mapema. Mwaka 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu uliowawasha watu macho na koo, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, wako waliodhani wameshambuliwa kwa gesi ya sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha ukungu ule unazaliwaje: mvuke wa petroli isiyoungua unachanganyika na oksidi za naitrojeni, jua linaupika mchanganyiko huo, na inatoka ozoni hapa chini tunapovutia pumzi. Mwaka 1967 jimbo likaunda bodi yake ya hewa, naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Wao wana milima inayoufungia moshi bondeni. Sisi milima hiyo hatuna, lakini jua tunalo, na magari yanaongezeka kila meli inapotia nanga.

Nilipoanza kazi kule, magari ya zamani, yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2000, tuliyapandisha juu ya rola, tukayaendesha yakiwa yamesimama pale pale, kilomita 24 kwa saa kisha 40, kijiti cha mashine kikiwa ndani ya ekzosi kinanusa. Lakini gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea halichomekwi kitu kwenye ekzosi. Mpimaji anaangalia kwa macho kama vifaa vyote vipo na kama kuna moshi unaoonekana, kisha anachomeka waya kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kuanza kuiuliza kontrol boksi maswali. Mwanzoni niliona ni uvivu. Nikaja kuelewa kwamba kijiti kinalijua gari kwa dakika zile chache tu, na kwa dakika chache fundi mjanja anaweza kulituliza gari lolote. Kontrol boksi ilikuwa ndani ya gari mwezi mzima, kwenye foleni, kwenye mlima, asubuhi ya baridi. Ndiyo inayojua.

Inajua nini? Hapa vijana nisikilizeni vizuri, kwa sababu fundi asiyelijua hili atabaki kuwa mzima taa.

Chukueni jiko la mkaa. Likikosa hewa, linatoa ile gesi isiyo na harufu inayoua familia iliyolala nalo chumbani. Ni kaboni monoksidi, na injini iliyopewa mafuta mengi kuliko hewa inaitoa hiyo hiyo. Ukilipepea sana, moto unakuwa mkali. Ndani ya silinda, moto ukiwa mkali kupita kiasi unaziunganisha naitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe, zinatoka oksidi za naitrojeni, zile zinazochoma mapafu. Katikati kuna mstari mwembamba: kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Masega yana kazi tatu: kuiunguza kaboni monoksidi, kuiunguza petroli iliyobaki, na kuzivunja oksidi za naitrojeni. Kazi hizo tatu yanaziweza kwa pamoja pale tu injini inapokaa karibu kabisa na mstari huo. Mafuta yakizidi kidogo, oksidi za naitrojeni zinavunjika vizuri lakini kaboni monoksidi inapita. Hewa ikizidi kidogo, inakuwa kinyume chake.

Kwa hiyo sensa ya oksijeni, kifaa kinachohisi oksijeni iliyomo kwenye moshi, ile iliyo mbele ya masega, haipumziki. Inaiambia kontrol boksi mafuta yamezidi, kontrol boksi inapunguza, yamepungua, inaongeza, na hivyo hivyo mara nyingi kila dakika, mchana kutwa. Sensa ya nyuma kazi yake ni nyingine. Inatazama kama mawimbi ya sensa ya mbele yanafika kwake yakiwa yametulia. Masega mazima yanayatuliza, kwa sababu yana uwezo wa kuhifadhi oksijeni na kuitoa. Mawimbi yakipita kama yalivyo, kontrol boksi inajua masega yamekufa, au hayapo kabisa, na inawasha taa. Taa ile ambayo mteja anataka uizime.

Sasa anakuja mtu anataka gari liwe na mbio. Fundi wa rimapu, yaani wa kubadilisha programu ya injini, anaongeza mafuta, anawahisha moto wa plagi, na kwenye gari la turbo anaongeza msukumo wa hewa. Nguvu inapatikana, nimeipima mwenyewe. Lakini joto la silinda limepanda, na oksidi za naitrojeni zimepanda nalo. Ukikanyaga, mafuta yanazidi na kaboni monoksidi inamwagika. Masega yanapokea moto ambao hayakuundiwa. Sensa ya nyuma itasema, basi fundi anaizima ndani ya programu. Kwenye dizeli anafunga valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, anatoboa chujio la masizi, kisha anafuta kila habari ya chujio hilo ili kontrol boksi isiulize limekwenda wapi. Marekani tabia hii ilikuwa kubwa kuliko watu walivyodhani. Mwaka 2020 idara yao ya mazingira, EPA, ilikadiria kwamba ndani ya miaka kama 10 pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kusafisha moshi. Nyingi zilihitaji programu ili ziweze kutembea bila vifaa hivyo.

Akija mpimaji wa California, ana maswali matatu kwa kompyuta hiyo.

Anauliza kwanza kama imeshajipima. Kontrol boksi ina mitihani yake ya ndani: inayapima masega, inazipima sensa, inaupima mvuke wa tangi la mafuta, na inaifanya hiyo mitihani gari likiwa safarini. Ukifuta makosa iliyoyaandika kwa kutumia mashine, au ukichomoa betri, majibu yote yanafutika na mitihani inaanza upya. Gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea linaruhusiwa kubakiza mtihani mmoja tu, wa mvuke wa tangi, ambao ni mgumu kukamilika. Tangi likiwa limejaa hadi juu au likikaribia kukauka haufanyiki. Sijui niliwarudisha watu wangapi waliofuta makosa kwenye maegesho ya kituo chetu, wakaingia na taa imezimika na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Taa ilikuwa imezimika kweli. Mitihani yote ilikuwa mitupu.

Swali la pili linahusu makosa ya kudumu. Magari yaliyotengenezwa kuanzia kama mwaka 2010 yanaandika kosa mahali ambapo mashine ya fundi haifiki. Halifutwi na wewe wala na betri. Kontrol boksi yenyewe ndiyo inayolifuta, baada ya kuona kwa safari zake kwamba ugonjwa umekwisha. Tangu Julai 2019 kituo cha California kinalisoma. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa imefupishwa na wahandisi. Lakini waliacha haki ya mwenye gari: akishaendesha maili 200, kama kilomita 320, na injini ikapata moto mara 15 tangu makosa yafutwe, kosa la kudumu halimwangushi tena. Atakuwa ameipa kompyuta muda wa kutosha wa kusema kama kuna ugonjwa.

La tatu ndilo lililotikisa mafundi wa rimapu. Tarehe 19 Julai 2021 mashine zetu zilianza kukagua programu yenyewe. Kila programu ya kiwandani ina jina lake, na ina namba inayotokana na hesabu inayopigwa juu ya maandishi yote yaliyomo ndani. Badilisha tarakimu moja mahali popote, hesabu inatoa namba nyingine. Ni alama ya kidole ya programu. Ikiwa programu iliyomo garini si ya kiwandani wala si iliyoidhinishwa na bodi ya hewa ya jimbo, gari limeanguka, hata kama moshi wake ungekuwa safi kama hewa ya Lushoto alfajiri.

Mwezi uliofuata alikuja kijana mmoja na gari dogo la turbo alilolinunua mkononi mwa mtu. Masega yapo, mitihani imekamilika, hakuna kosa hata moja. Mashine ikatoa jibu: programu imebadilishwa. Kijana akaniapia hajagusa kitu, na nilimwamini. Mwenye gari wa kwanza aliongeza nguvu, akafurahia, akauza, akanyamaza. Yule kijana alilazimika kulipa ili programu ya kiwandani irudishwe, na kwa sababu turbo iliyofungwa haikuwa ya asili, gari lenye programu ya asili likawa linajikwaa kila akikanyaga, akalipa tena kurudisha turbo. Alikuwa anafanya kazi mbili na anasoma jioni. Nilimpigia hesabu ya yote kwenye karatasi, akaikunja akaiweka mfukoni bila kuisoma mara ya pili. Kwenye rimapu, anayelipa mara nyingi ni mtu ambaye hakuwepo siku kompyuta ilipochomekwa.

Sisemi kila programu mpya ni haramu. Viwanda vyenyewe hutoa programu za kusahihisha za zamani, na nimeona gari lililokuwa linaanguka kila mara likapona kwa programu mpya ya kiwandani tu. Wako pia watengenezaji wa vifaa vya nguvu wanaopeleka kazi yao kwa bodi ya hewa, inapimwa, inapewa namba ya idhini, na mpimaji akiiona hiyo namba anaipitisha. Nguvu na moshi safi vinaweza kukaa pamoja. Vinahitaji kazi ya kupima kwa miezi, na hiyo ndiyo kazi ambayo muuza faili la programu mtandaoni hakuifanya.

Mtu ataniambia hayo ni ya mafundi wadogo, wakubwa hawaguswi. Walikuwepo wakubwa waliofanya kama sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walizipima Volkswagen za dizeli barabarani, moja waliiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na vifaa vya kupimia vimefungwa nyuma. Moshi wa barabarani ulipishana mno na ule wa maabara. Septemba 2015 ukweli ukatoka: programu ya kiwandani ilikuwa inatambua kwamba gari liko kwenye kipimo, kwa kuangalia mambo kama usukani usiozungushwa, na hapo ndipo ilipoyasafisha matokeo. Nje ya maabara oksidi za naitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu ile. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai mahakamani Marekani. Wale walikuwa wahandisi wenye maabara na mamilioni. Alichokifanya kijana wetu na kompyuta yake uani ni jambo lile lile kwa umbo dogo: kuifundisha kompyuta kumwambia mpimaji kitu ambacho mapafu hayakioni.

Sasa niwaeleze mteja mmoja ninayemkumbuka kuliko wote, kwa sababu yake ndiyo hadithi ya magari yetu hapa.

Alikuwa mama muuguzi, anafanya zamu za usiku. Gari lake lilianza kumisi, yaani silinda moja ikawa haiwaki sawasawa, taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzimika, inapepesa. Kumbukeni hilo: ikipepesa, maana yake injini inamisi kiasi cha kuharibu masega wakati huo huo. Alipeleka gari kwa mtu wa bei nafuu. Kosa lilikuwa koili moja ya plagi. Yule mtu hakubadilisha koili. Aliingia kwenye programu, akaondoa ukaguzi wa kumisi, taa ikazimika. Kila mzunguko, silinda ile moja ilikuwa inatupa petroli mbichi na hewa yake kwenye ekzosi, na petroli hiyo ikawaka ndani ya masega. Masega yakayeyuka na kuziba. Alipokuja kwangu gari lilikuwa halipandi mwinuko. Koili moja ingemgharimu mchana mmoja wa mshahara. Sasa alikuwa anahitaji masega mapya, ambayo ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake ni ya madini hayo. Sheria ya Marekani inakitaka kiwanda kiyadhamini masega na kontrol boksi kwa miaka 8 au maili 80,000, na gari lake lilikuwa bado ndani ya muda huo. Lakini kiwanda kilipoona programu imeguswa, kilikataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, na sare zake za kazi, akauliza: “Kwa hiyo taa ilikuwa inanisaidia?”

Ndugu zangu, ilikuwa inamsaidia.

Tuje nyumbani. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kule, baada ya miaka 3 ya kwanza, yalikuwa yanakaguliwa kila miaka 2, moshi ukipimwa. Yanashuka bandarini yakiwa na masega, sensa zinafanya kazi. Halafu yanatufikia sisi. Wanunuzi wa masega mnawajua, na bei mnaijua. Yule anayeuziwa hadithi kwamba gari bila masega linakula mafuta kidogo, muulizeni baada ya miezi 6 alichokipima. Kama masega yake yalikuwa yameziba, bila shaka atasikia nafuu, lakini kuna kitu kiliyaziba, plagi au nozeli au oili inayopita kwenye pistoni, na kitu hicho bado kimo ndani kinaendelea.

Na msidhani kipimo kiko California tu. Mwaka 2025 Rwanda ilianza kupima moshi wa magari kwa lazima. Rusumo ni mpaka wetu nao. Siku kitakapofika hapa, wateja wenu watawarudia wakiwa wameshika karatasi ya kuanguka, na swali lao la kwanza litakuwa nani aliyegusa gari hili.

Ila mimi sikuja kuwatisha kwa karatasi. Dada yangu anauza maandazi karibu na kituo cha daladala, na mwanawe ana pumu. Anajua siku za foleni kubwa kwa kifua cha mtoto kabla hajaiona barabara. Kila bomba tupu nililounga ujanani lilipita mbele ya mtoto kama yule, na sikuwahi kumwona kwa sababu nilikuwa chini ya gari.

Ninachowaomba kinafanyika kuanzia Jumatatu. Kabla hujaandika kitu ndani ya kontrol boksi, soma faili la asili na ulihifadhi, mpe na mteja nakala yake, maana bila faili hilo hakuna njia rahisi ya kurudi. Mteja akitaka nguvu, mweleze kitakachobadilika na umwandikie kwenye risiti, ili atakayelinunua gari ajue. Akitaka uzime taa, mwambie bei ya kulipima kwanza. Wengine wataondoka waende kwa jirani. Waacheni waende. Wapo watakaobaki, na hao ndio watakaowaletea ndugu zao.

Nimesema vya kutosha na jua linapanda. Pale uani kuna Toyota iliyokuja kutoka Japani. Mwenyewe ameridhia tuifungue mbele yenu. Aliinunua hapa mjini na taa haijawahi kuwaka hata siku moja. Jana jioni niliichomeka mashine yangu: hakuna kosa, na kwenye orodha ya mitihani, ule wa masega haupo kabisa, kana kwamba kiwanda hakikuuweka. Nina faili la asili la gari kama hilo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza njooni mbele, kijana mmoja alete jeki na stendi zake. Tutaanza kwa kulala chini na kuangalia kama bomba limeungwa.